Kwa nini binti wa maskini ndiye anayetolewa shule

Tangu Januari 2016 shule za serikali nchini Tanzania hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na sita nayo ikafutwa. Hata hivyo mabinti wa kaya maskini wanaendelea kuishia njiani. Suala hili likizuka, watu hugawanyika palepale: hawa wanasema ni umaskini, wale wanasema ni mila na wazazi wasiojali.

Wanaotaja umaskini wana hoja nzito. Kufutwa kwa ada hakukufuta sare, viatu, madaftari wala mchango wa chakula cha mchana. Shule za kata zilijengwa kwa kasi ili kila kata iwe na sekondari yake, ila kata ya kijijini ni pana, na kuna watoto wanaotoka nyumbani giza na kurudi giza. Humo njiani kuna dereva wa bodaboda: leo anatoa lifti, kesho chipsi, keshokutwa anadai malipo. Mzazi anayeogopa njia hiyo humpangia binti chumba karibu na shule, geto kama wanavyoita wenyewe, na hapo mtoto wa miaka 14 anajipikia na kujilinda peke yake. Katika takwimu za serikali, utoro ndio unaoongoza kwa mbali kati ya sababu za kuacha shule. Aliyeshindwa na mwendo anaandikwa mtoro. Aliyekosa taulo za kike naye vilevile. (Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo iliondolewa mwaka 2018, ikarudishwa mwaka uliofuata kwa maelezo kuwa bei haikushuka madukani.)

Lakini umaskini hauelezi kila kitu. Katika nyumba moja, kwenye njaa ileile, kaka anabaki darasani na dada anapelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Umaskini unasema mmoja aache. Nani aache, hilo linaamuliwa na watu. Kaka huonekana ndiye atakayebaki na wazazi, wakati dada anahesabiwa kuwa wa ukweni, na mahari yake ni ng'ombe wanaoweza kufika zizini mwaka huuhuu. Ninakubaliana na wanaolaumu mila hadi hapo. Ninaachana nao wanaposema mzazi huyo hajui thamani ya elimu. Anapiga hesabu, na sheria za nchi zinamsaidia kuipiga.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Serikali ilikata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019, ikapewa mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwaka huo ulipita bila marekebisho. Wakati huohuo, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanamfunga miaka 30 anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi. Ziweke sheria hizi mbili pamoja: kwenye ndoa, anayelindwa ni mwanafunzi, si mtoto. Mzazi mwenye posa mezani anachotakiwa ni kuhakikisha binti si mwanafunzi tena. Ndiyo maana zipo sehemu ambako binti wa darasa la saba huambiwa na wazazi wake mwenyewe ajifelishe mtihani. Akifeli, haendi sekondari, si mwanafunzi tena, na kinga imekwisha.

Kuhusu mimba, mwaka 2017 Rais Magufuli alisema aliyejifungua hatarudi katika shule ya serikali, na wengi waliunga mkono kwa kuhofia kuwa wenzake wangeiga. Hofu hiyo siidharau, ni ya wazazi wenye mabinti. Ila Zanzibar ilikuwa imeshawaruhusu kurudi tangu 2010, na Bara marufuku iliondolewa Novemba 2021. Ruhusa hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Kwa binti maskini, hata hivyo, bado kuna swali la nani atabaki na mtoto asubuhi, na bibi naye yuko shambani.

Sera mpya ya elimu iliyozinduliwa Februari 2025 inataka elimu ya lazima iwe miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Ikitekelezwa, kufeli mtihani wa mwisho wa msingi hakutamtoa tena binti kwenye kinga, na hilo ni kubwa kuliko kampeni zote za kuelimisha wazazi. Lakini itawaweka mabinti wengi zaidi kwenye njia ileile ya giza. Mabweni ni ghali, na wanaosema hivyo hawakosei. Hata likijengwa, chakula cha bweni mara nyingi humrudia mzazi kama mchango. Fedha za mabweni na za chakula zitengwe kabla ya kumlazimisha mtoto kutembea, na umri wa ndoa upandishwe hadi miaka 18 bila kumsubiri yeyote.