Kilima cha Kersal Moor na Moshi wa Manchester

Mwaka 1851 Malkia Victoria wa Uingereza aliuzuru Manchester, mji uliokuwa ukikua kwa kasi kutokana na viwanda vya pamba, na baada ya ziara hiyo akaagiza achorewe mandhari yake. William Wyld alichora picha hiyo kwa rangi za maji mwaka 1852, akiutazama mji kutoka kilima cha Kersal Moor. Kwa mbali dohani za viwanda zimesimama kwa wingi, moshi wake ukichanganyika na mwanga wa jua la manjano, na huku karibu kuna miti, watu wa shamba na mbuzi.

Picha ni nzuri, na uzuri huo ndio unaonitia wasiwasi. Wyld ameuchora moshi kama ukungu mwepesi, hata mtazamaji asikumbuke kwamba chini ya dohani hizo walikuwamo wanaume, wanawake na watoto waliofanya kazi saa nyingi katika joto na vumbi la pamba, ambayo sehemu yake kubwa ililimwa na watumwa huko Marekani.

Kilima chenyewe nacho kina historia. Mnamo Septemba 1838 maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi walikusanyika papo hapo Kersal Moor kudai haki ya kupiga kura. Haikutimia hata miaka 15, na mahali pao pakachorwa mbuzi. Sidai kwamba Wyld alikusudia kuficha jambo, kwani aliyeagiza kazi alikuwa malkia, na mazoea ya wachoraji wa mandhari yalikuwa kuweka maisha ya shamba mbele ya mji.

Hata hivyo, mazoea hayo hayakuwa sheria. J. M. W. Turner alipouchora mji wa Leeds mwaka 1816, naye akiwa juu ya kilima, Beeston Hill, aliweka mbele ya viwanda na moshi waashi wakijenga ukuta na wafanyakazi wakianika vitambaa, hivyo mtazamaji hawezi kuufikia mji kwa macho bila kupita kwanza kwa watu wanaoujenga. Kwangu mimi, hiyo ndiyo picha iliyo kamili zaidi. Ya Wyld nayo istahili kuonyeshwa, ila maelezo yake yautaje mkutano wa 1838 sambamba na ziara ya malkia.