Magari ya mwendo: nani alianza kumkimbia mwenzake, bei au mnunuzi?

Wiki mbili zilizopita dalali mmoja wa Mwenge, Dar es Salaam, alinitumia picha ya Toyota Altezza, gari la mwendo. RS200, gia 6 za mkono, rangi ya fedha, namba za usajili za herufi C, haijaguswa na fundi wa kubahatisha. "Kaka, hii haikai," aliandika, na chini yake akaweka bei. Niliisoma mara mbili nikidhani kidole kimemteleza akaongeza sifuri. Gari lina zaidi ya miaka 20, na kwa pesa ile mtu anapata vigari viwili safi vya Toyota IST na chenji ya kukatia bima.

Nikaipeleka picha kijiweni. Hukumu ilitoka kabla chai haijapoa: TRA, mamlaka ya mapato. Dar gari lolote likipanda bei mshtakiwa wa kwanza ni TRA, na simlaumu anayesema hivyo, maana hesabu ya ushuru tutaifikia na haifurahishi. Lakini ushuru haukuanza jana. Wakati Altezza zilipozagaa Sinza na Kinondoni kama kuku wa kienyeji, ushuru ulikuwepo. Kilichobadilika kiko mbali zaidi, kule zinakotoka zikiwa mpya, na sisi huku tunakunywa maji ya mwisho wa mfereji.

Kule zinakotoka kuna msiba: magari ya mwendo yanaachwa kuundwa moja baada ya jingine. Toleo la mwisho la Mitsubishi Lancer Evolution liliuzwa mwaka 2015. Mwaka 2022 Subaru walitangaza kwamba gari lao jipya la WRX halitakuwa na toleo lake kali, STI. Chevrolet Camaro ilikoma Desemba 2023, mwezi uleule Dodge walipoacha kuunda Challenger na Charger zenye injini ya V8, ya silinda nane. Agosti 2025 ikawa zamu ya Nissan GT-R R35, na hiyo ndiyo inayoeleza mambo vizuri kuliko zote. Ilipoingia sokoni Japani, Desemba 2007, ilianzia yeni milioni 7.77. Ya mwisho ilianzia yeni milioni 14.4. Karibu mara mbili, ndani ya nchi ambayo kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo bei za vitu zilikuwa kama zimegandishwa. Na kwa miaka yote 18 ziliundwa kama 48,000 tu. Toyota, wanaounda magari karibu milioni 10 kwa mwaka, huifikia idadi hiyo ndani ya siku mbili.

Hapo ndipo wapenzi wa magari wanapogawanyika.

Upande mmoja unasema kampuni zimewafukuza wateja wao wenyewe. Gari la mwendo lilikuwa la kijana mwenye mshahara wa kawaida, likapandishwa bei mpaka likawa pambo la wenye nazo. Ushahidi upo. Mwaka 2024 Ferrari walikabidhi magari 13,752 na Porsche wakakabidhi 911 zaidi ya 50,000, wala hakuna aliyesikika akilia kwamba soko limekufa. Ghorofa ya juu imejaa. Iliyohamwa ni ya kati, ile ya Camaro na Evolution. Kampuni ikishagundua kwamba gari moja la bei mbaya linaleta faida ya magari kumi ya vijana, itahangaika na vijana kwa lipi?

Sheria nazo zimeongeza mzigo. Ulaya, kampuni ikivuka wastani wa hewa ukaa uliowekwa hutozwa faini, hivyo kila gari lenye injini yenye kiu linavuta wastani wa kampuni nzima. Toyota GR86, gari jepesi la watu wa kawaida, liliondolewa Ulaya mwaka 2024 kwa sababu kanuni mpya za usalama zingelazimisha mabadiliko ambayo mauzo yake madogo yasingeweza kuyalipia. Anayejua biashara ya daladala ataelewa haraka. Mafuta ya Mbagala hadi Kariakoo ni yaleyale ukiwa na abiria 30 au 5. Kupima gari kwa ajali, kulipatia vibali vya moshi, kuliwekea kompyuta na kamera, ni gharama ya safari. Abiria wakibaki watano, ama nauli ipande au gari lipaki.

Upande wa pili una jibu chungu: abiria walishuka kabla nauli haijapanda.

Chukua Ford Mustang. Ilipozinduliwa Aprili 1964 ilianzia dola 2,368, ambazo kwa mfumuko wa bei ni kama dola 24,000 za mwaka 2024. Mustang ya bei ya chini ya mwaka 2024 ilianzia dola 32,000 na ushee. Imepanda, ndiyo, kama theluthi moja. Lakini ile ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 101, hii ina 315. Kwa kila shilingi unayotoa unapata gari zaidi ya lile alilopata babu wa Mmarekani. Sasa tazama mauzo ya Marekani: mwaka 1966 ziliuzwa zaidi ya 600,000, mwaka 2015, baada ya kutoka sura mpya, zaidi ya 122,000, mwaka 2024, kama 44,000. Bei kupanda theluthi hakuwezi kufukuza wateja tisa katika kila kumi. Hao walikwenda kununua magari ya juu (SUV) na pikapu, kwa sababu pikapu ya leo inakimbia, inabeba watoto, na haimuumizi mgongo mtu wa miaka 50.

Japani vilevile. Mwaka 1990 nchi ile iliuza magari mapya karibu milioni 7.8. Mwaka 2024 hayakufika milioni 4.5, na zaidi ya theluthi yake ni vile vigari vya cc 660. Kijana wa Tokyo anapanda treni. Baba wa familia anataka Alphard, na ndiyo maana Alphard zimeanza kujaa mpaka huku kwetu kwenye misafara ya harusi.

Mimi nimekaa na hoja hizi muda mrefu na hukumu yangu ni kwamba mnunuzi ndiye aliyeanza kutimua mbio, bei ikamfuata nyuma, halafu ikampita. Anayeanza kuhesabu kuanzia bei anaanzia katikati ya safari. Ila sikubali pia hadithi kwamba zamani watu walipenda magari ya mwendo kuliko sasa. Kulikuwa na jambo jingine, na watu wa Afrika Mashariki tulipaswa kulijua kabla ya wengine kwa sababu lilipita barabarani kwetu.

Jambo hilo ni mbio za magari. Miaka ya 1990 mwanzoni, kampuni iliyotaka kushindana kwenye ubingwa wa dunia katika kundi A ililazimika kwanza kuunda na kuuza magari ya aina hiyohiyo kwa raia, angalau 2,500. Hiyo ndiyo asili ya Evolution na ya Subaru Impreza zenye turbo na miguu minne inayovuta. Hazikutoka kwenye utafiti wa soko. Zilitoka kwenye kanuni ya michezo, na gharama yake ikaandikwa kwenye daftari la matangazo. Tommi Mäkinen alipoibeba Safari Rally mwaka 1996 kwa Lancer, na Colin McRae akaibeba mwaka 1997 kwa Impreza, kila tope lililowaruka Kenya lilikuwa tangazo lililosomwa mpaka Temeke. Mwaka huohuo wa 1997 kanuni zikalegezwa: kampuni ikaruhusiwa kuchukua gari la kawaida la familia na kuligeuza la mbio bila kuwauzia raia maelfu ya aina hiyo. Subaru na Mitsubishi waliendelea kwa mazoea na sifa kwa miaka kadhaa. Lakini uzi uliolazimisha gari la mbio liwe gari la mtu wa kawaida ulikatika pale.

Kwa hiyo Impreza ya bei nafuu iliyomfikia kijana wa Tabata haikuwa bei ya kawaida ya gari lile. Ilikuwa ruzuku. Tulikula sahani ya harusi tukadhani ndicho chakula cha kila siku.

Sasa ushuru, maana niliahidi. Tuseme gari la miaka zaidi ya 10 lenye injini ya cc 1,998, kama Altezza, ambalo TRA wanalithamini hadi bandarini shilingi milioni 20. Thamani hiyo ni ya kikokotoo chao, si ya risiti yako, na wengi hulijua hilo gari likiwa tayari baharini. Ushuru wa forodha asilimia 25: tumefika milioni 25. Ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, na asilimia 30 nyingine ya uchakavu: tumefika milioni 33.75. VAT asilimia 18 juu ya hapo: karibu milioni 39.8. Bado tozo ndogondogo, wakala na namba. Gari limejizaa mara mbili kabla halijaona taa za Mwenge.

Lakini kanuni hiyo inalipiga IST sawasawa na Altezza, na IST haijawa kito. Wengine husingizia dola. Kweli, shilingi ilishuka toka kama 1,700 kwa dola mwaka 2014 hadi 2,700 hivi katikati ya mwaka 2024; lakini yeni nayo ilianguka toka kama 105 hadi zaidi ya 150. Ukipima shilingi kwa yeni, tulisogea kidogo mno. Kilichobaki ni uchache. Na kwenye uchache huo kaingia mshindani tuliyekuwa hatumjui: Mmarekani. Sheria ya kwao inamruhusu kuingiza gari lisilokidhi viwango vyao likishatimiza miaka 25. Altezza za mwaka 1998 zilivuka mstari huo mwaka 2023, Skyline GT-R R34 za mwaka 1999 zikafuata mwaka 2024. Zamani mnada wa Japani ukiita gari la miaka 20, wapigaji bei walikuwa sisi na wenzetu wachache. Mkenya hakuwemo, kwa kuwa nchi yake hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Leo kwenye mnada uleule yupo mtu wa Texas anayetafuta ujana wake, naye halipi kwa mkopo wa SACCOS.

Na jipya je? Toyota bado wanaunda GR Yaris, gari ambalo kwa roho ni mjukuu wa zile za kundi A, injini ya silinda 3 ya cc 1,618 yenye turbo. Mwaka 2020 ile ya juu ilikuwa yeni milioni 4.56; leo piga hesabu ya yeni milioni 5. Tuseme yeni moja ni shilingi 18: inakuwa milioni 90. Halina uchakavu, hivyo ongeza forodha, asilimia 5 ya injini na VAT: karibu milioni 140, hujalipa meli. Nani Dar mwenye milioni 140 atanunua gari dogo lenye milango ya abiria miwili, la kupanda nalo Goba wakati wa masika? Atachukua Prado. Hata mimi ningechukua Prado, na ningelitetea kwa sauti kubwa kijiweni. Kwa hiyo tunapowacheka Wamarekani walioikimbia Mustang, tukumbuke kuwa sisi hatujawahi hata kusogelea shorumu. Tumelipenda gari la mwendo kwa masharti kwamba mtu mwingine alinunue kwanza.

Yupo pia anayeuliza hasara iko wapi, na swali lake halina dharau. Mjini mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Ukitoka Kibaha kwenda Chalinze kuna tochi ya trafiki ya kupima mwendo nyuma ya kila mwembe. Foleni ya Ubungo haijui turbo. Mama aliyempoteza mwanawe usiku kwa sababu ya vijana waliokuwa wanashindanishana magari hatamlilia STI, na sitathubutu kumwambia alie.

Hasara ninayoiona mimi iko gereji. Pale Kinondoni kuna mafundi ambao injini ya Subaru ya EJ20 wanaisikiliza kwa masikio tu wakakwambia silinda gani imechoka. Ujuzi ule ulijengwa kwa sababu magari yalikuwa mengi, yaliharibika sana (tusidanganyane), na spea zilipatikana Gerezani kwa bei ya mabishano. Injini ya silinda 3 ya GR Yaris haitakuwa na spea za mabishano, kwa kuwa hazitakuja za kutosha hata ziharibike. Wenye matumaini wananiambia umeme utaleta mwendo wa bei poa. Tesla Model 3 ya kasi inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3 na kidogo tu, jambo ambalo Altezza haiwezi kuliota. Ni kweli kabisa. Ila nilipomwambia fundi mmoja pale, aliniuliza litalia vipi, akarudi chini ya gari.

Jana jioni nilimpigia dalali kumuulizia ile RS200, si kwamba nilikuwa na pesa. Ilishaondoka tangu Jumanne. Aliyeichukua, alinieleza, ana Harrier mpya ya kwendea kazini. Hii atakuwa anaitoa Jumapili.