Rubani wa Karatasi Tano

Nimerudi nyumbani Tabora baada ya kumaliza awamu ya kwanza ya mitihani ya nadharia ya urubani, na tangu niteremke kwenye treni sijapata nafasi ya kunywa chai ikiwa bado ya moto. Mama amekwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe ni rubani, na mjomba anataka kujua kama tiketi ya ndugu wa damu hulipiwa nusu au hailipiwi kabisa. Nimewaeleza mpaka koo limekauka kwamba mtaala tunaoufuata ni wa Ulaya, una karatasi 13, kila moja hutaka alama zisizopungua 75 kwa mia, na zote sharti zimalizike ndani ya miezi 18. Mimi nimefaulu 5, zimebaki 8, na ndege yenyewe sijaigusa bado. Wanaitikia kwa kichwa, wanapisha dakika moja ya heshima, kisha wanauliza nitatua lini.

Nilifanya kosa la kumjibu mjomba kitaalamu. Nilimwambia kwamba uwanja wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwamba hewa ya huku ni nyepesi, na kwamba jua likichoma hadi nyuzi 32 huzidi kuwa nyepesi, kiasi kwamba ndege iliyosimama pale chini hujiona kama iko zaidi ya mita 2,000, injini ikapungukiwa nguvu na mbio za kuruka zikarefuka. Mjomba alisikiliza vizuri, akafunga kikopo chake cha tumbaku na kusema, "Kumbe hata ndege ikifika Tabora huchoka kama sisi."

Somo la uzito na mizania halikunipa heshima zaidi. Nilimkuta mzee mmoja barabarani na baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, yote yamefungwa nyuma, gurudumu la mbele likiinuka kila alipoachia usukani, nami, kwa kiherehere cha mtu aliyefaulu juzi, nikamwamkia na kumweleza kwamba kitovu cha uzito kimerudi nyuma mno na kwamba ndege iliyopakiwa hivyo huinua pua mpaka rubani akashindwa kuishusha. Mzee alinitazama toka viatuni hadi kichwani. "Mwanangu, kama umeona kasoro iko nyuma, basi shika huko nyuma usukume." Nilisukuma mpaka sokoni, na shati langu jeupe halijarudia rangi yake.

Hayo yote ningeyasamehe kama si michembe ya mama. Alikuwa ameanika vipande vyake hivyo vya viazi vitamu uani, turubai zima, na mawingu yalipoanza kujikusanya baada ya adhuhuri aliniuliza kwa sauti ambayo majirani wangeisikia kama aianue michembe, kwa kuwa aliwaambia kwamba katika karatasi ya hali ya hewa nilipata alama 91. (Nilizipata kweli, ingawa sehemu kubwa ya maswali ilihusu mvua zinazoingia Ulaya kutoka bahari ya Atlantiki, na katika kila swali majibu manne yalifanana kama vifaranga.) Nilitazama juu, nikakumbuka kwamba wingu la mvua ya radi hutaka hewa yenye unyevu, hewa isiyotulia na kitu cha kuisukuma juu, nikaona vitu viwili tu kati ya vitatu, nikamwambia mama aache. Hicho cha tatu kilifika baada ya robo saa, pamoja na upepo ulioibeba ndoo ya jirani. Michembe iliogelea.

Leo asubuhi mawingu yamejikusanya tena upande wa Isevya. Mama amenipita mlangoni bila kunitazama, akaenda kumwuliza bibi goti lake linasemaje.