Uvimbe kwenye neva (mishipa ya fahamu): utolewe mapema au uachwe kwanza?

Wanaosema toa mapema wana hoja nzito tu. Shwanoma, uvimbe unaoanzia kwenye seli zinazofunika neva, mara nyingi umeotea kwenye kauzi kamoja na zile nyuzi zingine umezisukuma pembeni, kwahiyo daktari aliyezoea neva akiwa na darubini anapasua ganda anauchomoa na mkono unaendelea na kazi zake. Mtu aliyekuwa akigusa meza tu shoti inampiga mpaka vidoleni anapata nafuu, sasa asubiri nini?

Shida ni kwamba sio kila uvimbe wa neva ni shwanoma. Nyurofibroma imejichanganya na nyuzi zenyewe, kuitoa yote kunaweza kuondoka na nyuzi nzima, mtu kaingia na uvimbe usiomsumbua katoka na vidole havinyooki. Hapo naegemea kusubiri: hauumi, haukui, nguvu ipo, basi ufuatiliwe. Wenye NF1, ugonjwa wa kijenetiki unaoleta uvimbe mwingi mwilini, huwezi kuwakata kila sehemu, na tangu 2020 Marekani ilipopitisha dawa ya selumetinib kwa watoto wenye nyurofibroma kubwa zisizotolika, kisu sio njia pekee. Ila hao hao wa NF1 ndo wenye hatari kubwa ya uvimbe kugeuka saratani, kwahiyo ukianza kukua haraka, maumivu yanakuamsha usiku au nguvu inapungua, habari ya kusubiri imeisha.

Kinachoniuma ni pale watu wanapokata kabla hata ya kujua wanakata nini. Uvimbe unadhaniwa mafuta au tezi, unachomwa ganzi unapasuliwa fasta, kumbe ni neva na imeshakatwa. Wakati kidole tu kingetia shaka: uvimbe wa neva unasogea kushoto kulia lakini kufuata urefu wa mkono hauendi popote, na ukiugonga taratibu shoti inakimbia kwa chini. Ukiona hivyo ni ultrasaundi au MRI kwanza.

Biopsi, yaani kuchukua kipande cha uvimbe kikapimwe, nayo ina pande mbili, wengine hawataki kugusa bila hiyo, na dalili za saratani zikiwepo nawaunga mkono asilimia mia. Ila kama picha inaonyesha shwanoma waziwazi na itatolewa tu, kuichoma sindano kunaweza kuumiza nyuzi nzima na kuacha kovu litakalomsumbua daktari wa upasuaji, mimi hiyo siioni faida yake.