Pointi za miaka 20 au droo ya kila mwaka: nani apewe kibali cha elki?

Kaskazini-magharibi mwa jimbo la Colorado, Marekani, kuna vitalu vitatu vya uwindaji, namba 2, 10 na 201, ambavyo kila mwindaji wa elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, nchini humo anavijua. Madume wa huko huishi hadi wakawa na pembe nzito kwa sababu wanaoruhusiwa kuwawinda ni wachache mno. Kibali cha kuwinda dume kwa bunduki katika vitalu hivyo kinahitaji zaidi ya pointi 20 za kusubiri, mwenye nyingi akitangulia, na kwa kawaida mtu hupata pointi moja kwa mwaka, kila anapoomba na kukosa au anapoinunua. Aliyeanza kuomba akiwa na miaka 30 ataingia kwenye kitalu hicho amekwisha kuvuka 50, kama foleni haitarefuka zaidi.

Katika majimbo ya milimani ya magharibi mwa Marekani mabishano kuhusu jambo hili ni makali, na yana haki ya kuwa makali. Kibali kinapokuwa adimu, apewe aliyesubiri muda mrefu zaidi, au waombaji wote waingie kwenye droo upya kila mwaka? Kwangu mimi, foleni ya pointi kama ya Colorado imegeuka kuwa ahadi isiyolipika. Hata hivyo, wanaoitetea wana hoja nzito, na anayetaka ifutwe kesho asubuhi hajawatendea haki.

Uhaba wenyewe si hila ya maofisa. Mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya miongo ya uwindaji wa biashara usio na mipaka, elki wa Amerika Kaskazini walikuwa wamebaki chini ya 100,000. Leo wanakadiriwa kufikia milioni moja, na Colorado ndiyo yenye wengi kuliko jimbo lolote, zaidi ya 280,000. Wamerudi kwa sababu ya mgawo wa vibali, ulinzi, na fedha za wawindaji wenyewe: tangu sheria ya mwaka 1937, ushuru wa asilimia 11 unaotozwa bunduki ndefu na risasi hurudishwa majimboni kuhudumia wanyamapori.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliangalie jambo hili kwa makini, maana mfumo huu ni tofauti na anaoujua. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977. Tanzania huwapa makampuni vitalu vya uwindaji wa kitalii, na mteja hulipa kupitia kampuni. Kule magharibi mwa Marekani, wanyamapori ni mali ya umma chini ya uangalizi wa jimbo, na kibali huandikwa jina la mwananchi mwenyewe, awe fundi bomba au daktari. Ndiyo maana namna ya kugawa vibali huwauma watu hivi: wanagawana kitu chao.

Sasa tuwasikilize watetezi wa foleni. Hoja yao ya kwanza ni mipango. Elki dume akishakatwa na kutolewa mifupa hutoa takribani kilo 90 za nyama, na nyama hiyo hubebwa mgongoni, safari baada ya safari, mara nyingi kwenye miinuko ya mita 3,000. Katika maeneo yaliyohifadhiwa chini ya sheria ya nyika ya mwaka 1964 huruhusiwi kuingia na gari wala baiskeli. Ni miguu yako au farasi. Mtu anahitaji likizo, mwili uliozoezwa, wenzake wa kubeba, na pesa ya kukodi wanyama wa mizigo. Anayejua kwamba zamu yake inakaribia ataanza kujiandaa miaka miwili kabla, na atakapofika ataheshimu nafasi aliyopewa. Hoja ya pili ni ya uadilifu: mtu aliyetoa fedha zake mwaka baada ya mwaka, kwa kanuni alizoandikiwa na jimbo lenyewe, ana haki ya kutobadilishiwa kanuni akiwa amekaribia mlangoni. Hoja hii sina jibu la kuibomoa, wala sitaki kuibomoa.

Tatizo liko kwenye hesabu. Tuchukue mfano: kitalu kinatoa vibali 10 kwa mwaka, na watu 300 wana pointi sawa za juu kabisa. Kuwamaliza hao peke yao kutachukua miaka 30. Nyuma yao wako wenye pointi pungufu kwa moja, na nyuma ya hao wengine tena, wote wakiongeza pointi kila mwaka. Kiwango kinachotakiwa hupanda karibu kwa kasi ileile ambayo mtu anapanda. Kijana anayejiunga leo kwa ajili ya vitalu vya juu anatoa pesa kwa kitu ambacho huenda umri wake hautakifikia. Na gharama ipo: jimbo la Wyoming humtoza mgeni, yaani asiye mkazi wa jimbo, dola 52 kwa pointi moja ya elki, hivyo miaka 20 ya kusubiri ni dola 1,040 kabla hajanunua kibali chenyewe.

Tazama pia foleni inavyozikata familia. Baba mwenye pointi 18 akitaka kuomba pamoja na mwanawe mwenye pointi 2, Colorado huhesabu kundi zima kwa pointi za aliye chini kabisa, yaani 2. Wyoming huchukua wastani, 10. Kwa kanuni ya Colorado, baba achague kati ya kitalu alichokingojea nusu ya maisha na kwenda porini na mtoto wake. Kwangu hilo ndilo doa kubwa kuliko yote ya mfumo ule, kwa sababu kazi ya kuwinda milimani hufunzwa kwa kwenda pamoja.

Upande wa pili kuna New Mexico na Idaho, ambazo hazina pointi kabisa. Aliyeomba kwa mara ya kwanza na aliyeomba mara 25 wako sawa. Ni usawa wa kweli, ila una ukali wake: mtu anaweza kuomba maisha yake yote asipate, huku jirani akipata mara mbili mfululizo. Wala haina maana kwamba mlango uko wazi kwa wote. New Mexico hutenga asilimia 84 ya vibali vya droo kwa wakazi wake, asilimia 10 kwa wanaoingia na kampuni za kuongoza wawindaji, na asilimia 6 tu kwa wageni wasio na mwongozaji. Ada ya leseni nayo hutangulizwa yote wakati wa kuomba, kisha hurudishwa kwa waliokosa. Asiye na akiba hawezi kufungia mamia ya dola kwa miezi.

Katikati kuna mchanganyiko wa kila aina. Nevada huzidisha pointi zako zenyewe kwa zenyewe na kuongeza moja, kwa hiyo mwenye pointi 10 anaingia kwenye droo na nafasi 101. Mkongwe amependelewa, lakini anayeanza hajafungiwa. Arizona hutenga asilimia 20 kwa wenye pointi nyingi zaidi. Utah hugawa nusu kwa wenye pointi nyingi na nusu kwa droo. Wyoming ndiyo yenye funzo kubwa: kwa elki, wageni huwekwa kwenye foleni, robo tatu ya vibali vyao vikienda kwa wenye pointi nyingi, ilhali wakazi wa jimbo hugawana vyao kwa droo isiyo na pointi. Wenyeji wanaoishi na wanyama hao kila siku hawakuwekewa foleni hiyo.

Juu ya yote haya kuna vibali vichache visivyopitia foleni wala droo, vile vinavyopigwa mnada kuchangia uhifadhi. Mwaka 2013 kibali kimoja cha kondoo mwitu wa pembe kubwa wa Montana kiliuzwa dola 480,000. Fedha hizo husaidia kondoo kweli, nami sivikatai vikibaki vichache. Vikiongezeka, neno mali ya umma litakosa maana.

Kwa anayepanga leo, ushauri wangu ni asiyajenge maisha yake ya uwindaji juu ya kitalu kimoja cha ndoto. Akusanye pointi mahali pamoja au pawili, lakini aombe kila mwaka kwenye majimbo yasiyo na pointi, na awinde vitalu vya kawaida. Colorado hutumia pointi kwa chaguo la kwanza pekee, hivyo anaweza kupata kibali cha jike kwa chaguo la pili na pointi zake zikabaki salama. Aikague ardhi kabla ya kuomba. Katika nyika za serikali kuu ndani ya Wyoming, mgeni haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa bila mwongozaji mwenye leseni au mkazi wa kumsindikiza. Kwingine ardhi ya umma na ya watu binafsi imepangwa kama ubao wa drafti. Mwezi Machi 2025 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 10, mojawapo ya mahakama za kanda za serikali kuu, iliamua kwamba kuvuka kwenye kona, kutoka kipande cha umma hadi kingine bila kukanyaga cha mtu binafsi, si kosa. Uamuzi huo unashika Wyoming, Colorado, Utah na New Mexico. Montana na Idaho hauwahusu.

Wasemaji wa Kiswahili waliohamia Denver, Colorado, au Boise, Idaho, wana nafasi ambayo wengi hawajaitazama. Colorado na Idaho huhesabu ukazi kwa miezi sita, na mkazi hulipa sehemu ndogo ya anacholipa mgeni. Waliozaliwa kuanzia Januari 1, 1949 wanatakiwa na Colorado kupita mafunzo ya uwindaji kwanza.

Majimbo yenye foleni yangefuata mgawo wa Utah: nusu kwa waliosubiri, nusu kwa droo, na tarehe ya kuanza itangazwe miaka kadhaa mapema ili mwenye pointi nyingi awahi kuzitumia. Kundi la mzazi na mtoto lihesabiwe angalau kwa wastani. Na pale mtu anaponunua pointi, jimbo limwekee makadirio ya miaka ya kusubiri, kitalu kwa kitalu, kabla hajatoa dola zake.