Laptopu imechomekwa ukutani, draiva inabana umeme wa nini?

Huku Tanga mtandao ukisuasua lawama zote anabebeshwa mwenye laini au rauta, wakati laptopu nyingi zinazopita mezani kwetu hapa Ngamiani tatizo ni draiva ya waifai, ile programu inayoiendesha kadi ya waifai ndani ya laptopu, inailaza kadi hiyo ili kubana umeme. Mimi msimamo wangu ni huu, kubana kusiwashwe kwa kila mtu kila saa, draiva iangalie kwanza mashine imechomekwa au inakula betri.

Kinachotokea ni hivi, rauta inatuma tangazo fupi karibu kila milisekunde 100, kadi inayobana umeme inazima redio yake halafu inaamka kusikiliza tangazo kama kuna mzigo wake, yaani data, na mzigo wenyewe muda wote huo umekaa kwenye rauta unasubiri. Anayeshusha muvi haoni kitu maana kadi iko macho, ila mama anayeongea kwa video na mwanawe aliyeko Muscat, au kijana aliyeingia kwenye seva ya mbali na kila herufi anayogonga inachelewa kutokea, hao wanaisikia. Kadi nyingine zinaruka matangazo mawili matatu ndo ziamke, hapo sauti inakatikakatika mtu anaenda kununua bando lingine wakati la kwanza halina kosa lolote.

Hilo la kuchelewa bado dogo, linaloniuma mie ni la kuamka. Vifaa vina ngazi za usingizi, D0 kikiwa macho mpaka D3 kikiwa kimelala kabisa, na kadi iliyokatiwa umeme huko D3 inasahau kila kitu, kwa hiyo draiva lazima iipakie upya fimwea (programu ya ndani ya kadi yenyewe) na setingi zake zote kwa mpangilio. Draiva iliyoandikwa haraka haraka inaruka hatua moja hapo, ndo unakuta mtu kafunua laptopu asubuhi waifai haipo kabisa mpaka aristati. Fundi anamwambia kadi imekufa, kumbe nzima! Hela ya mtu imeenda, na mara nyingi ni mwanafunzi.

Kwenye Windows, ndani ya Device Manager, kuna kiboksi cha kuiruhusu kompyuta izime kadi, na kiboksi hicho hakiulizi umeme unatoka wapi, ni ndiyo au hapana basi. Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, nao wanaweka wifi.powersave = 3 kwenye faili la NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, yaani kubana kumewashwa, uwe umechomeka au hujachomeka. Wakati TLP, programu ya bure tu ya Linux ya kubana umeme, inatofautisha yenyewe, kwenye umeme waifai haibanwi, kwenye betri inabanwa. Sasa kama watu wameshaweza, kwa nini iwe mpaka mtu aongeze programu pembeni?

Sisemi setingi ifutwe. Umeme ukikatika jioni pale Makorora na una ripoti ya kutuma, kila dakika ya betri ina thamani na kuchelewa kidogo hakukuumizi. Mtandao wa waya (Ethernet) ndo kabisa sina ugomvi nao, kiwango cha 802.3az cha mwaka 2010 kinailaza laini pasipo na data na inaamka ndani ya mikrosekunde, huwezi hata kujua.

Mlio na Linux andikeni iw dev wlan0 get power_save (kadi yako inaweza kuwa na jina lingine, mfano wlp2s0), ikijibu on na laptopu imechomekwa, zimeni kwa sudo iw dev wlan0 set power_save off halafu pigeni tena hiyo simu ya video kabla hamjabadilisha rauta. Ukiristati inaweza kurudi, kwa hiyo kwenye lile faili la NetworkManager weka 2 badala ya 3.

Na nyie vijana wa vyuoni mnaoanza kugusa draiva, andikeni sehemu ya kuamka kwa umakini uleule wa sehemu ya kulala, na ikishindikana draiva imwambie mtu kwenye skrini kwamba kadi haijaamka, asiende kununua nyingine.