Maneno ya uani yakianikwa barazani

Mwaka 1987 Anita Borg, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alianzisha Systers, kundi la wanawake wa fani yake waliokuwa wakizungumza kwa barua pepe. Sharti la kundi lilikuwa zito: yanayosemwa ndani hayatoki bila idhini ya aliyeyasema. Mwaka 2004 wanawake wa Debian, mradi wa programu huria, yaani programu ambazo yeyote anaweza kuzisoma, kuzibadili na kuzisambaza, walianzisha Debian Women, nao wakashika njia ya pili. Mazungumzo yao yaliwekwa hadharani, na hadi leo yeyote anaweza kuyasoma bila kubisha hodi.

Je, mazungumzo ya makundi kama haya yahifadhiwe hadharani au yabaki faraghani? Makundi yote mawili yaliundwa na wanawake waliojua wanachokifanya. Ndiyo maana silikubali lile jibu la haraka kwamba programu ikiwa huria, basi na mazungumzo ya wanaoitengeneza yawe huria.

Hata hivyo, hoja ya kuhifadhi hadharani ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Katika kazi hii ya kujitolea, mara nyingi hakuna mwajiri wa kukuandikia barua ya utumishi. Mtu hujulikana kwa yaliyoandikwa: nani aligundua hitilafu, nani alituma kiraka, yaani marekebisho ya programu, nani alimshika mkono mgeni. Utafiti uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya na kutolewa mwaka 2006 ulikuta kwamba wanawake hawakufika hata asilimia 2 ya watengenezaji wa programu huria. Watu wachache hivyo wakifanya kazi faraghani, ni rahisi sana kufutika. Kesho atatokea mtu aseme hawakuwapo, na hakutakuwa na andiko la kumjibu. Kisha kuna anayejifunza peke yake, asiye na mtu wa kumuuliza. Swali lililojibiwa hadharani mara moja humfaa yeye na mamia wengine, na huwapumzisha wale wanawake wachache ambao kila siku huombwa kufundisha upya.

Upande wa pili nao si woga mtupu. Wanawake wakikutana hawaongei viraka tu. Mmoja anauliza afanyeje na mwenzake kazini anayemtongoza kila anapoomba msaada. Mwingine anaeleza kwa nini aliuacha mradi. Barua hiyo ikihifadhiwa pamoja na jina lake, itasomwa na mwajiri wa kesho, na itasomwa na yule yule anayelalamikiwa. Mwaka 2007 Kathy Sierra, mwandishi wa vitabu vya kompyuta, alilazimika kufuta hotuba yake mkutanoni baada ya kutishiwa kuuawa mtandaoni. Aliyeona hayo hakuhitaji kuelezwa kwa nini baadhi ya wenzake walichagua kunyamaza. Na hapo ndipo kumbukumbu za wazi zinapotudanganya. Zinatuonyesha waliosema, lakini hazituonyeshi aliyeandika barua usiku, akaisoma tena, akaifuta.

Wengi husema basi tufungue baadaye, mambo yakishapoa. Debian yenyewe ilijaribu. Mwaka 2005 wanachama wake walipiga kura kwamba barua za jukwaa lao la ndani, zikishapita miaka 3, zianze kutolewa hadharani baada ya waandishi kupewa nafasi ya kupinga. Kazi hiyo haikufanyika. Barua moja hunukuu tatu, kila nukuu ina mwenyewe, na hakupatikana wa kujitolea kuzipitia zote. Mwaka 2016 walipiga kura tena, safari hii wakikiri kwamba jambo lenyewe ni gumu. Kwangu huo ni ushahidi mkubwa kuliko nadharia yoyote: kanuni ya faragha haibadilishwi watu wakishasema. Aliyeandika akijua yuko uani hawezi kuamka siku moja akakuta maneno yake barazani.

Kwa hiyo naegemea vyumba viwili, na kila anayeingia aambiwe mlangoni yuko chumba gani. Mambo ya kazi yawe ya wazi, mambo ya mtu binafsi yawe ya faragha. Lakini nakiri hapa pana tatizo linalonisumbua. Maumivu yote yakihamia chumba cha ndani, viongozi wa mradi watasema kwa dhati kabisa kwamba hawajawahi kupata malalamiko. Faragha inayomlinda mwanamke mmoja inaweza pia kuulinda mradi usibadilike.

Systers wanatupa dokezo. Mwaka 1992, mwanasesere Barbie alipotolewa akisema kwamba somo la hesabu ni gumu, walikuwa miongoni mwa waliopaza sauti, na kampuni ya Mattel inayomtengeneza ikaiondoa kauli hiyo. Kundi la faragha lilitoka nje kwa kauli yake lenyewe, bila kumwaga mazungumzo yake. Hilo linaweza kuwa desturi: mara kwa mara kundi liandike muhtasari usio na majina, waliohusika waukubali kwanza, kisha mradi mzima ulazimike kuujibu.

Na waliokwisha andika hadharani miaka 20 iliyopita, wakiwa wanafunzi, kabla hawajajua injini za utafutaji kama Google zingefika wapi? Kuchomoa barua zao kungevunja mazungumzo ya wengine. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtu anaweza kuiomba injini ya utafutaji iache kuonyesha baadhi ya kurasa jina lake linapotafutwa, ingawa ukurasa wenyewe unabaki. Jamii za programu huria zingeweza kufanya hivyo kwa hiari: barua ibaki kwa anayefuatilia historia ya mradi, lakini isimfikie kirahisi anayemwinda mwandishi kwa jina. Ombi la namna hiyo lisomwe na mtu, na lijibiwe na mtu.